Matofali ya Karatasi

Shuka lilikuwa kavu. Mama Pacha aliliinua hadi puani akanusa katikati, akanusa pembeni, akanusa pale mwili wa mama mkwe wake ulipokuwa umelala muda mfupi uliopita. Lilinuka sabuni tu. Lakini chumba chenyewe kilinuka mkojo, na si mkojo wa leo. Ulikuwa mkojo mkongwe, mkali, ule unaopanda puani ukashuka nyuma ya koo na kujikalia humo kama umelipa kodi. Aliinama akanusa godoro. Nalo kavu. Aliinuka uso umemkunjamana, mdomoni mate tele asiyotaka kuyameza.

Pale mlangoni pacha wake, wasichana wawili wa darasa la tatu, walikuwa wamebana pua kwa vidole wakichungulia.

"Mama, Bibi amekojoa tena?"

"Nendeni mkapige mswaki."

"Lakini kunanuka!"

"Nimesema mswaki!"

Walitimua mbio wakicheka. Mkwewe alikuwa ameketi kwenye kiti kando ya dirisha, magoti yamebanana, mikono mapajani, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Huyu alikuwa mshonaji mpaka macho yalipomgomea, mwanamke aliyekuwa akipiga pasi hata vitambaa vya kufutia vyombo. Wateja walimwogopa: ukimpelekea nguo chafu kupunguzwa, anakurudishia uifue kwanza.

"Mwanangu, sikukojoa," alisema.

"Najua, Mama."

Hakujua. Alisema tu ili neno lipite.

Kilichomkera zaidi ni kwamba mkojo ulikuwa kazi yake. Mama Pacha alikuwa mtaalamu wa maabara kwenye zahanati. Diploma yake ilining'inia sebuleni ndani ya fremu aliyoiunda mumewe kwa mbao za kreti, fremu iliyopinda kiasi kwamba wageni waliisoma wameinamisha kichwa upande. Kutwa alikuwa akipokea vikopo vyenye joto kutoka mikononi mwa watu wenye haya, na hakuwahi kukunja pua. Kazini mkojo ulikuwa mkojo. Hapa nyumbani ulikuwa fedheha, na fedheha ilikuwa imeshapewa mwenyewe.

Alikwisha kumpima mkwewe kimyakimya. Sukari hakuna, maambukizi hakuna. Kilichomshtua kilikuwa rangi: mkojo mzito, wa hudhurungi, kama chai iliyosahauliwa jikoni. Mwili wa mama huyu ulikuwa unakauka. Sasa, akitandika shuka jipya, aliinua chupa ya chai iliyokuwa juu ya meza ndogo ya kitandani. Ilikuwa nzito. Alifungua kifuniko. Chai ya jana jioni ilijaa hadi shingoni, imefanya utando juu.

"Mama, hukunywa chai?"

"Sikuwa na kiu."

"Na maji?"

Mkwewe alitazama dirishani. Midomo yake ilikuwa imepasukapasuka, pembeni imeota weupe. "Nikajisemea, kama sinywi sina cha kutoa. Nione kama harufu itaisha."

Alijaribu kusimama ili asaidie kutandika, akayumba, akashika ukingo wa kitanda. Mama Pacha alimdaka kiwiko. Mkono ulikuwa mwepesi kama fagio. Na hata pale, akiwa amemshika mzazi wa mumewe asianguke, pua yake ilikuwa inavuta hewa kwa ujanja, inamchunguza, inatafuta. Alijichukia kwa hilo, lakini pua haikumsikiliza.

*

Mumewe alikuwa jikoni anakoroga uji kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika simu. Kwenye simu mwanamume mwenye glavu safi alikuwa anageuza tairi kuukuu kuwa meza ya sebuleni.

Baba Pacha alikuwa karani kwenye duka la matairi, lakini roho yake ilikuwa kwenye ufundi. Mtaani walimwita Injinia, wachache kwa heshima, wengi kwa kejeli. Mkewe akipandwa na hasira alimwita Fundi Tepu, maana hakuna kitu alichokitengeneza bila tepu nyeusi, na hakuna tepu aliyoipiga bila kuifunika kwa kitu cha kupendeza. Kikiharibika, funga, kikionekana, funika. Juu ya meza ya kulia ilining'inia taa aliyoiunda kwa vijiko vya plastiki vilivyopangwa kama magamba ya samaki. Mwanzoni ilipendeza, hakuna wa kubisha. Siku hizi kila kijiko kilikuwa na utando wa mafuta ya kukaangia, na kila utando ulikuwa na nzi wake, amekufa miguu juu, anawatazama wanaokula. Mlango wa kabati chini ya sinki alikuwa ameuwekea uma uliokunjwa badala ya kishikio, na katikati ya meno ya uma huo mlikuwa na masalia ya kila kiganja kilichowahi kupika humo. Chooni ndiko kulikokuwa hakusemeki. Kishikio cha kumwagia maji kilivunjika, naye akakibadilisha kwa kamba ya viatu: ufunue tangi, uzamishe mkono kwenye maji yenye utelezi, uitafute kamba, uvute kwa nguvu, kisha uvute tena kwa upole. Wanawake wa nyumba hiyo walivuta. Yeye mwenyewe, mwenye kamba yake, aliona tabu.

Lakini fahari yake kubwa ilikuwa ukuta wa chumba cha mama yake. Chumba hicho zamani kilikuwa stoo, kimepakana na bafu, na bomba la maji machafu ya bafuni lilipita kwa chini kwenye ukuta huo, likiguruma kila mtu akioga. Mama yake alipokuja kuishi nao, Baba Pacha aliapa kwamba mzazi wake hatalala akisikiliza maji ya watu. Alichukua likizo, akajifungia mle ndani na misumeno yake, akawa anapiga mluzi. Alipofungua mlango, kila mtu alisema lo! Ukuta mzima ulikuwa umevikwa mbao za plaiwudi, na juu ya plaiwudi karatasi yenye picha ya matofali mekundu, na juu ya kitanda rafu ndogo yenye taa. Mama yake alilia kwa furaha. Yeye akapiga picha akairusha kwenye kundi lake la simuni, la watu wanaojitengenezea mambo majumbani mwao, na huko walimmwagia sifa mpaka simu ikaisha chaji.

Harufu ilikuja miezi kadhaa baadaye. Kwa hiyo hakuna aliyeufikiria ukuta. Walimtazama aliyelala mbele yake.

"Nimeongea na dada," Baba Pacha alisema bila kuinua macho. "Leo ni Jumamosi, anakuja mchana na gari. Anamchukua Mama."

Mama Pacha aliweka chupa ya chai mezani kwa kishindo. "Leo? Na mimi nasikia leo?"

"Nimeongea na wote. Kaka, mdogo wetu, na shangazi pia. Wote wanaona ndiyo busara."

"Uliwaambia nini?"

"Ukweli. Kwamba Mama amezeeka, hajizuii tena. Kwamba wewe umechoka kufua."

"Mimi nimesema nimechoka?"

"Uso wako umesema."

Hapo alimpata. Mama Pacha akashika la pili. "Mwenyewe hataki kwenda. Kwa dada yako ni ngazi tupu, orofa juu ya orofa, na mchana kutwa hakuna mtu."

"Atazoea."

"Atazoea nini? Hanywi maji, unalijua hilo? Anajikausha ili asikutie aibu. Nimemshika sasa hivi anayumba. Akianguka kwenye zile ngazi ni msiba, Baba Pacha. Nakuambia waziwazi, ni msiba."

"Usiniletee maneno ya maabara asubuhi yote hii." Alizima jiko. Macho yake yalikuwa mekundu, na kwa kweli hakuwa akiigiza. "Unadhani napenda? Mama yangu mzazi. Nikiingia mle ndani natamani kutapika. Nimemjengea chumba kama cha hotelini, halafu ona anavyokifanya."

Mama Pacha alimtazama mdomo wazi. *Anavyokifanya.* Kama vile mama yake alikuwa paka. Uji uliokuwa unapoa kwenye sufuria ulianza kumnukia vibaya. Alisukuma bakuli lake kando, akatoka.

*

Aliamua kufanya kile ambacho angemfundisha mtu yeyote kazini: kuondoa kimoja kimoja mpaka kibaki chenye kosa. Alimhamishia mkwewe sebuleni. Akakokota godoro hadi uani, akaliegemeza ukutani juani. Akatoa shuka, mto, pazia, kapeti, akatoa hata ndala za mama wa watu. Akapiga deki kwa dawa mpaka macho yakamwasha. Akafungua dirisha. Kisha akasimama katikati ya chumba kitupu, mikono kiunoni, akangoja.

Harufu haikutikisika. Ilisimama naye mle ndani kama mpangaji mwenzake.

Upande wa pili wa ukuta mlango wa bafu ulifungwa. Alisikia mumewe akikohoa, akijikuna, akiimba. Halafu, kabla maji ya kuoga hayajafunguliwa, ukasikika mchirizi mwembamba, mrefu, unapiga sakafu. Ukakatika. Ukarudi kidogo. Kisha ndipo bomba la maji likafunguliwa.

Hilo halikuwa geni. Walishagombana kwa ajili yake hadi wakachoka. "Ni maji tu yanafuata maji," mumewe alikuwa akijitetea. "Nani ataivuta ile kamba asubuhi?"

Lakini safari hii Mama Pacha alikuwa upande wa pili, peke yake, hakuna godoro, hakuna mzee wa kumsingizia. Na kutoka kwenye matofali ya karatasi ikaja pumzi ya vuguvugu, mbichi, ikapanda juu ya ile kongwe kama moto uliotiwa kuni. Alipiga magoti. Kule chini, pale ambapo mguu wa kitanda ulikuwa umepaficha, karatasi ilikuwa imevimba na kugeuka rangi, matofali mekundu yamekuwa kahawia, yamefura kama kidonda chenye usaha. Alibonyeza kwa kidole. Ukuta ulizama. Kidole kikaingia hadi kwenye kucha, na tone zito likachomoza, likamtiririkia mkononi.

Alinusa. Miaka yote ya vikopo ilimjia puani kwa mkupuo.

"Mungu wangu," alisema. "Mshenzi huyu."

Alimngoja nje ya bafu. Mumewe alitoka na taulo kiunoni, anang'aa, ananukia sabuni ya ndimu. Mama Pacha alimwinulia kidole mbele ya pua.

"Nusa."

"Nini hiyo?"

"Nusa kwanza."

Alinusa, akarudisha kichwa nyuma. "Umemshika Mama?"

"Nimeshika ukuta wako. Nyuma ya matofali yako kuna uvundo. Bomba linavuja."

Kitu kilipita usoni mwake, haraka, kikafichwa haraka vilevile. "Huo ni unyevu. Ukuta huwa unapumua."

"Unapumua mkojo?"

"Wewe si fundi. Kiungo cha bomba nilikifunga mwenyewe, kile hakivuji hata ukikipiga risasi. Hapo chini panataka silikoni tu. Nakwenda dukani sasa hivi, nachukua silikoni, nipige ule ufa, nibandike karatasi nyingine, mambo yamekwisha."

"Na Mama?"

"Mama anakwenda kwa dada. Hilo ni jambo jingine."

"Ni jambo lilelile! Fungua huo ukuta."

"Usiguse ukuta wangu!" Alifoka kama mtu anayeibiwa. "Usiuguse. Unajua nimetoka jasho kiasi gani mle ndani? Nikirudi nikute uko vilevile."

Alivaa, akaondoka, kola imesimama, utosi bado una povu la sabuni.

*

Wifi yake alifika kabla silikoni haijafika. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita watu barabarani, na alikuwa amejipulizia manukato mengi kwa makusudi, kama mtu anayejiandaa kwa vita. Nyuma yake aliacha mlango wa gari wazi.

"Wifi yangu, pole sana," alisema akimkumbatia Mama Pacha kwa mbali. "Kaka kanieleza yote. Umevumilia, mwenzangu. Mabegi ya Mama yako wapi? Ah, haya hapa, Kaka ameshayafunga. Mama, shikamoo! Umekonda, jamani!"

"Marahaba, mwanangu."

"Usijali Mama, mimi nimejiandaa. Sina kinyaa." Akatoa kwenye mfuko wa plastiki pakiti kubwa, akaiweka mezani mbele ya mama yake, chini kabisa ya ile taa ya vijiko. Zilikuwa nepi za watu wazima. Juu ya pakiti palikuwa na picha ya bibi mwenye meno kamili anacheka. "Utavaa moja ya njiani, kwa usalama wa kiti. Gari ni la mkopo."

Pacha walikuwa wamekaa kwenye zulia. Mmoja alimkonyeza mwenzake.

Mkwewe aliitazama ile pakiti kwa muda. Halafu aliunyoosha mkono, si kuichukua, bali kuigeuza, picha iangalie chini. Alianza kujiinua taratibu ili aende kuvaa.

Kinyaa kilimjia Mama Pacha. Si harufu ya chumba iliyokileta. Ni ule utii. Mtu aliyewarudishia wateja nguo zao wakazifue, leo anakwenda kuvishwa nepi kwa ajili ya kiti cha gari, na wote mle ndani wamekubali, na yeye mwenyewe aliwahi kukubali.

"Mama, kaa," alisema.

"Wifi, tutachelewa, barabara ita..."

"Nimesema akae. Na wewe njoo huku. Si umesema huna kinyaa?"

Kwenye kreti la vifaa vya mumewe alichukua nyundo na mtaimbo mfupi. Aliingia chumbani, wifi yake nyuma yake akiuliza una nini, una nini leo, na pacha nyuma ya shangazi yao. Alichomeka ncha ya mtaimbo pale kidole kilipozama, akaukanyaga. Plaiwudi haikuvunjika kwa mlio wa mbao. Ilipasuka kimyakimya, kwa unyevu, kama mkate uliolowekwa. Akavuta. Matofali mekundu yakachanika kutoka chini hadi kwenye rafu, taa ikaanguka, na ukuta wa Injinia ukafunguka.

Mende ndio waliotangulia. Walimwagika sakafuni, wakubwa, wanono, wanang'aa kama tende, wakapanda miguu, wakapanda ukuta, mmoja akapanda soksi ya pacha mmoja, na mayowe yakaanza. Kisha ukaja uvundo wenyewe, wote kwa pamoja, na wifi alishika mdomo kwa viganja viwili, akakimbilia dirishani, akatapika nje, chakula chake na manukato yake pamoja.

Mama Pacha hakurudi nyuma. Aliinama akaangalia. Ndani, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kitanda, mumewe alikuwa ameshindilia sponji ili kuzuia mlio wa maji. Lilikuwa sponji la godoro lao la zamani, la tangu walipooana. Alilitambua kwa kipande cha kitambaa chenye maua ya bluu kilichosalia pembeni. Hapo awali lilikuwa jeupe. Sasa lilikuwa na rangi ya ini, limeota ukungu mweusi wenye manyoya, na kwenye mikunjo yake funza weupe walikuwa wanajinyonganyonga kama wali unaochemka. Aliligusa kwa mtaimbo. Lilikamuka. Mkojo mzito wenye mapovu ya sabuni ulichuruzika hadi kwenye ndala zake, ukapita katikati ya vidole.

Na katikati ya sponji, pale mumewe alipolikata bomba ili lilale karibu na ukuta, kulikuwa na kile kiungo kisichoogopa risasi: kipande cha mpira wa ndani wa pikipiki, kutoka dukani kwake, kimezungushiwa tepu nyeusi. Kwenye ukingo wa tepu kulining'inia tone la manjano. Likadondoka. Jingine likaanza kukua.

Futi moja kutoka hapo ndipo kichwa cha mkwewe kilipokuwa kikilala kila siku.

"Ni nini hicho?" wifi aliuliza kutoka dirishani, akijifuta.

"Ni mama yako asiyejizuia," Mama Pacha alisema.

*

Baba Pacha alirudi na mrija wa silikoni mkononi na aliposikia harufu kutoka mlango wa mbele alikuwa tayari amejua. Alisimama kwenye kizingiti cha chumba. Alitazama mbao zilizochanika, rafu iliyovunjika, matofali yaliyoning'inia kama ngozi. Jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Mmeuharibu."

"Kaka," wifi alisema, "hebu funga mdomo wako."

"Ni maji ya kuogea tu. Sabuni ikikaa hunuka vile."

"Sabuni!" Mama Pacha alicheka, kicheko kikavu kama kikohozi. "Mimi nafanya kazi wapi, Fundi Tepu? Unataka nikuchukulie kikopo?"

"Labda watoto..."

"Si sisi!" pacha walipaza sauti kwa pamoja, na aliyepandwa na mende akaongeza kwa hasira, "Ni wewe, Baba! Kila ukioga unakojoa kwanza. Tunakusikia. Halafu unaimba."

Kwenye bomba tone jingine lilidondoka.

Hapo ndipo walipotambua kwamba mkwewe alikuwa amefika mlangoni. Alikuwa ameshikilia fremu ya mlango, mwepesi, amenyooka. Wote walimpisha. Macho yake hayakuona vizuri, lakini alitazama lile shimo kwa muda mrefu, akatazama sponji, akamtazama mwanawe kuanzia viatu kwenda juu, polepole, kama anayempima nguo. Uso wake ulikunjika, pua ikapanda, midomo ikajipinda. Mama Pacha alikuwa hajawahi kuuona uso huo kwa mkwewe. Ndio uso ambao wote walikuwa wakimwonyesha mama huyo siku zote hizi.

"Kwa hiyo nilikuwa nalala na choo chako," alisema.

"Mama, nisamehe. Nilitaka usisikie kelele. Nilikufanyia kwa mapenzi."

"Najua ulinifanyia kwa mapenzi. Ulipoanza kunuka, ulifungua ukaangalia?"

Aliugeuzageuza mrija wa silikoni mkononi.

"Ulimwangalia nani?"

"Mama..."

"Hizo nepi," mkwewe alimwambia binti yake bila kugeuka, "rudi nazo. Mabegi yangu yaingize chumba cha mbele, kwenye kitanda cha huyu na mkewe. Mimi siendi popote. Wao watalala huku."

"Huku?" Baba Pacha alisema. "Mama, hakulaliki!"

"Eh, hakulaliki?"

Wifi alikohoa kuficha kicheko, kikamshinda. Lakini mkwewe hakuwa anacheka. "Uliwaambia nani?" alimuuliza mwanawe. "Kaka yako. Mdogo wako. Shangazi yako. Nani mwingine?"

"Ni hao tu."

"Wapigie. Sauti kubwa, nisikie."

"Sasa hivi? Mama, acha kwanza nisafishe..."

"Nilivyokuwa nanuka hamkungoja nisafishwe. Piga."

Alipiga. Mama Pacha alimshikia simu, maana mkwewe aliamuru kwamba huku akiongea mwanawe awe anatoa sponji kwa mikono yake. Baba Pacha alipiga magoti kwenye lile dimbwi, shati lake la kutokea, akachomoa donge la kwanza, funza wakamdondokea kwenye saa. Aliukung'uta mkono.

"Halo?" kaka yake mkubwa aliitika. "Vipi, Mama ameshaondoka?"

"Kaka... kuna jambo. Ile harufu. Kumbe lilikuwa bomba. Limevuja."

"Bomba la nini?" mkwewe aliuliza kwa sauti ya kusikika simuni.

"La bafuni."

"Lilivuja nini?"

"Maji, Mama."

"Lilivuja nini?"

Alifumba macho. "Mkojo. Kaka, ni mkojo."

"Wa nani?" aliuliza kaka, ambaye sasa alikuwa ameanza kuelewa na sauti yake imebadilika.

"Wangu," Baba Pacha alisema. "Mkojo wangu. Mama hajawahi kukojoa kitandani. Ni mimi."

Upande wa pili mtu alishusha pumzi, kisha ukasikika mlio wa karaha kutoka kooni, mrefu, na simu ikakatwa. Akapigiwa mdogo wao. Akapigiwa shangazi, ambaye alikuwa na masikio mazito na kila neno lilihitaji kupigiwa kelele, mpaka jirani akazima redio yake ili asikilize vizuri. Kila alipomaliza, mkwewe alisema "Mwingine", na alipokosa mwingine alimgeukia Mama Pacha.

"Na wewe? Ulimwambia nani?"

Mama Pacha alifungua mdomo aseme hakumwambia mtu. Yeye ndiye aliyevunja ukuta. Yeye ndiye aliyemtetea asubuhi. Ndala zake zilikuwa bado zinanata kwenye sakafu. Lakini mkwewe alikuwa akimtazama vilevile, kwa uso uleule, na hakukuwa na mahali pa kupitia.

"Saluni," alisema. "Kwa msusi. Nilikuwa nasukwa, wakawa wanasimulia habari za wakwe zao, na mimi nikasimulia. Nikamuigiza Mama anavyosema hakukojoa. Walicheka." Alibandua ndala moja sakafuni. "Na mimi nilicheka."

Wifi yake alitazama pembeni. Pacha walitazama miguu yao.

"Hiyo saluni imefungwa?" mkwewe aliuliza.

"Saa hizi? Iko wazi."

"Basi nenda."

Mama Pacha alimimina maji kwanza, akampa mkwewe, akangoja mpaka glasi ikaisha na nyingine ikaisha. Kisha akatoka vile alivyokuwa. Saluni ilikuwa ng'ambo ya barabara, na leo ilijaa. Alipofika mlangoni, msusi aliinua kichana kumsalimia, halafu mkono ukabaki hewani, na wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaanza kujisogeza, mmoja baada ya mwingine, wakiziba pua kwa pindo za nguo.

"Mama Pacha, jamani! Umekanyaga nini?"

"Mkojo wa mume wangu," alisema kutoka kizingitini. "Ndio uliokuwa unanuka nyumbani kwangu, si wa mama mkwe wangu. Niliyowaambia hapa juu yake yalikuwa uongo. Yule mama ni msafi kuliko sisi sote tuliomo humu, na mimi niliwachekesha kwa jina lake."

Hakuna aliyecheka. Msusi aliweka kichana chini. Uso wa Mama Pacha uliwaka moto, na harufu yake mwenyewe ilimpanda puani, akatamani kugeuka akimbie. Huko nyuma kabisa mteja mmoja alikuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele, ikivuma masikioni mwake. Aliinua kofia ya mashine, akawatazama wenzake walioziba pua.

"Anasemaje? Mimi sikusikia kitu."

Basi Mama Pacha akaanza upya, kwa sauti ya juu zaidi.